Mtaka Shahada Sharti Ainame

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na tangu siku hiyo simu za wazazi wa Keko, Dar es Salaam, hazitulii. Chuo cha kwanza kinatuma pongezi. Cha pili kinatuma pongezi na namba ya akaunti ya benki. Cha tatu hakijamtafuta mzazi kabisa. Kimeshampata binti mwenyewe kwenye WhatsApp na kumwambia nafasi zimebaki chache. Vyote vina Shahada ya Uchumi. Kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyesoma ECA, EGM au HGE na sasa anaitwa na chuo binafsi asichowahi kukiona, mwongozo huu ni wako. Vifaa vinavyohitajika ni viatu vya kutembelea, daftari dogo na uso mkavu.

Nasema uso mkavu kwa sababu utauliza maswali ambayo watu wa vyuo hawajazoea kuulizwa na mzazi. Lakini wewe ni mtu wa Keko, kukagua unakujua. Mteja akija kununua kitanda kwenye karakana za Keko hadanganyiki na vanishi. Anachuchumaa, anachungulia uvunguni, anahesabu chaga, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, kisha anakwaruza kwa ufunguo pale ambapo brashi haikufika ili ajue kama ni mninga kweli au ni mbao laini iliyopakwa rangi ya mninga. Anauliza kama viungo vimechongwa au vimepigwa misumari tu. Baada ya hapo ndipo bei inaanza kuzungumzwa. Mtu huyohuyo, aliyetumia nusu siku kwa kitanda kimoja, analipia shahada ya miaka mitatu kwa kuangalia picha ya wanafunzi watatu wanaocheka mbele ya kompyuta moja. Hili linaniuma. Shahada ni ghali kuliko kitanda chochote kilichowahi kutoka Keko, na ikishatoka na kasoro hakuna fundi wa kumrudishia akaongeze chaga.

Basi tuiname.

Kipeperushi kiweke pembeni, utakitumia baadaye kufungia vitumbua. Anza na kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kinasomwa bure kwenye tovuti ya tume, na kina kila chuo, kila kozi, muda wake, idadi ya nafasi na sifa za kujiunga. TCU ilianza kazi mwaka 2005 ikichukua nafasi ya baraza la ithibati lililoundwa mwaka 1995, enzi nchi ilipowafungulia mlango wenye vyuo vikuu binafsi. Kazi yake ni kukagua kabla yako, kwa hiyo kutosoma alichoandika mkaguzi ni kujinyima haki uliyokwisha kuilipia kwa kodi.

Ukitaka kuwaona wauzaji wote kwa pamoja, nenda Mnazi Mmoja, ambako tume huandaa maonesho ya vyuo. Kutoka Keko ni daladala moja, na mwenye miguu mizuri anafika bila daladala. Utapokelewa na kijana mwenye tai na tabasamu.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu sana. Chuo chetu kina ithibati kamili."

"Marahaba, mwanangu. Chuo au kozi?"

"Chuo, mzee. Na chuo kikishakuwa na ithibati..."

"Nioneshe kozi."

Usisogee hapo mpaka kozi ioneshwe, kwa jina lake kamili, kwenye kampasi ileile ambayo mtoto atakaa. Julai 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18. Hilo watu wengi wanalikumbuka. Wanachosahau ni kwamba kwenye vyuo vingine 22 tume ilisimamisha udahili wa kozi 75, huku kozi nyingine za vyuo hivyohivyo zikiendelea kama kawaida. Jengo moja, geti moja, bango moja barabarani, na ndani yake kozi hii ina kibali na ile haina. Swali la "chuo au kozi" nimewahi kumsikia fundi sofa mmoja akiliuliza bila kuinua sauti, na meza nzima ikaanza kutafuta makaratasi.

Hapohapo uliza sifa za kujiunga. Kwa anayetoka kidato cha sita, kiwango cha chini ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha. Kwa anayetoka stashahada, GPA isiwe chini ya 3.0. Muuzaji akikuambia kwamba mwenye pointi 3 "tutamfanyia mpango," mshukuru kwa ukweli wake, kisha ondoka. Chuo kinachopindisha sheria mlangoni kitapindisha na vyumba vya mtihani, na mwajiri atakapotuma cheti kihakikiwe, atakayesimama peke yake mbele ya meza ni mwanao.

Sasa lisome jina la shahada polepole, neno kwa neno. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotangaza nafasi ya Mchumi Daraja la II, huorodhesha fani zinazokubalika. Chukua matangazo ya zamani kama matatu ya nafasi hiyo, yaweke mezani pamoja na jina la kozi unayouziwa. Vyuo vinapenda kurefusha majina: Uchumi na hiki, Uchumi wa kile, Uchumi pamoja na Ujasiriamali na Uongozi. Jina refu linapendeza kwenye bango, lakini ofisa anayechuja maombi ana orodha fupi, na mashine anayotumia haina huruma. Kama jina la kozi halifanani na chochote kwenye matangazo, waulize chuo kwa maandishi wahitimu wao waliombaje kazi hiyo na walipokelewa wangapi. Mhasibu ana NBAA, atafanya mitihani ya bodi apate CPA hata kama chuo chake hakina jina. Mchumi hana bodi ya namna hiyo ya kumsafishia cheti. Anachobeba ni jina la shahada, GPA na kile kilichomo kichwani.

Na kilichomo kichwani ndicho kiini cha mwongozo huu, kwa hiyo hapa tutakaa muda mrefu zaidi.

Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, semista kwa semista. Chuo kisichotaka kuitoa kimeshakujibu. Ukiipata, tafuta hisabati. Wazazi wengi wanaamini uchumi ni masomo ya kuzungumza vizuri kuhusu maendeleo, na kuna vyuo vinavyowaacha waendelee kuamini hivyo kwa sababu hisabati inapunguza wateja. Shahada ya uchumi iliyoshiba ina maikro na makro zinazorudi zaidi ya mara moja kwa viwango vinavyopanda, ina hisabati kwa wachumi, ina takwimu, na juu yake ina ekonometria, yaani namna ya kupima kwa namba kama jambo hili kweli linasababisha lile. Hizo ndizo chaga. Uchumi wa maendeleo, uchumi wa kilimo, historia ya mawazo ya kiuchumi, vyote ni vizuri na navipenda, lakini mtu hawezi kulalia godoro pasipo chaga. Ukiona miaka mitatu imejaa ujasiriamali, uongozi, stadi za mawasiliano na maadili ya biashara, huku takwimu imetengewa semista moja tu, hiyo ni stashahada ya biashara iliyovalishwa joho.

Ukishaiona ekonometria kwenye orodha, usiridhike. Uliza inafundishwa wapi. Kama inafundishwa ubaoni tu, mwanao atajua kuandika mlinganyo na hatajua kuukokotoa kwa takwimu halisi. Omba uoneshwe maabara ya kompyuta, siku ya kazi, saa za masomo. Gusa kiti. Kiti chenye vumbi kwenye maabara ya uchumi kinasema mengi kuliko mkuu wa idara. Uliza wanatumia programu gani. Stata na SPSS zinalipiwa, R ni ya bure. Chuo kinachosema hakina fedha ya programu wakati R ipo bure hakijataka.

Kisha pata karatasi za mitihani iliyopita. Zimejaa kwenye steshenari za jirani na chuo, huhitaji kibali cha mtu. Hata kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, mwanao atakusomea. Hesabu maswali yanayoanza na "taja," "eleza maana ya," "jadili faida na hasara za." Hesabu na yale yanayoleta jedwali la namba na kumtaka mtahiniwa afanye kitu nalo. Kama karatasi ya mwaka huu na ya miaka mitatu nyuma zimefanana hadi nukta, basi mwanafunzi anayefaulu pale ni yule mwenye kumbukumbu nzuri na rafiki mwenye karatasi za zamani.

Kuna kipimo kimoja cha haraka ambacho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakidanganyiki. Omba kitini cha somo la makro, fungua sura ya sera ya fedha, angalia Benki Kuu ya Tanzania inaelezwa vipi. Januari 2024 Benki Kuu ilibadili utaratibu wake: iliacha kuendesha sera kwa kulenga wingi wa fedha, ikaanza kutumia riba yake, iliyotangazwa kwa mara ya kwanza kuwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huohuo ikaipandisha hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikaishusha hadi asilimia 5.75. Hili ni badiliko kubwa katika kazi ya benki iliyofungua milango mwaka 1966, na linagusa mkopo wa kila fundi anayetaka kununua mashine ya randa. Kitini kisicholitaja kabisa kimeandikwa kabla yake, na mwalimu anayekitumia hajafungua gazeti tangu hapo. Hutaki mwanao afike kwenye usaili akieleza Benki Kuu iliyokwisha kuhama.

Fanya hivyohivyo kwa takwimu. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania ni asilimia ngapi na ameitoa wapi. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulitoa asilimia 26.4. Asipokumbuka namba si kitu, namba husahaulika. Asipojua kwamba Ofisi ya Taifa ya Takwimu ndiyo inayofanya tafiti hizo na kwamba ripoti zake zinapakuliwa bure, hapo pana tatizo, na tatizo hilo si la mwanafunzi. Ameshalipa ada ya mwaka mzima na zaidi bila mtu kumfungulia mlango ambao haukuwa na kufuli.

Na ukitaka kumpima mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mlete Keko. Nasema kweli, mlipie nauli, mnunulie chipsi mayai, msimamishe mbele ya safu ya karakana, umuulize: hawa wote wanauza vitanda, makabati na sofa zinazofanana, wanagombea mteja mmoja, kwa nini wamejazana mtaa mmoja badala ya kila mmoja kwenda mtaa wake akauze peke yake? Mwanafunzi aliyefundishwa atachangamka. Ataanza na mteja, kwamba mtu wa Mbagala anakuja Keko kwa sababu anajua atalinganisha bidhaa za maduka mengi kwa safari moja. Atakwenda kwenye mashine, kwamba mwenye mashine ya kupasua na kuranda anapata kazi ya kutosha kwa sababu mafundi wengi wako karibu, na fundi mdogo hahitaji kununua ya kwake. Atataja vibarua: anayejua kupiga msasa au kushona vitambaa vya sofa akikosa kazi kwa huyu anahamia kwa jirani. Ataongeza ufundi unaoibwa kwa macho, mtindo mpya wa ubao wa kichwani ukitoka Jumatatu, Ijumaa uko karakana nne. Akiwa hodari atakuambia kwamba Alfred Marshall aliyaeleza haya kwenye kitabu chake cha mwaka 1890 akitazama miji ya viwanda ya Uingereza. Halafu muongezee la pili: bei ya mninga ikipanda, hasara anaibeba fundi au mnunuzi? Jibu linategemea jinsi mnunuzi alivyo tayari kuhamia kwenye kitanda cha mbao nyingine au cha chuma, na kama fundi ana kazi nyingine ya kukimbilia. Akianza kuchora kwa kidole kwenye vumbi la mbao, mlipie na soda. Chuo chake kinafundisha.

Akisimama pale akasema "ni kwa sababu ya mazingira wezeshi," mrudishe salama na uandike kwenye daftari.

Twende kwa walimu. Omba orodha ya wanaofundisha idara ya uchumi, pamoja na vyeo vyao. Kwa kawaida Mhadhiri Msaidizi ana shahada ya uzamili, na Mhadhiri na kuendelea, hadi Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa, wana uzamivu. Uliza wangapi ni wa kudumu. Vyuo binafsi vingi vinaishi kwa ada, ada ikichelewa mshahara unachelewa, na mwalimu mwenye familia anatafuta vipindi vyuo vingine viwili. Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Nimewaona wakifundisha kwa moyo saa mbili usiku baada ya kuzunguka jiji zima. Lakini mwanao atakapokwama kwenye ekonometria Jumatano asubuhi, anahitaji mlango wa kugonga wenye mtu nyuma yake. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: anayefundisha ekonometria anapatikana ofisini siku gani? Kama jibu ni namba ya simu, endelea kuuliza. Profesa mstaafu aliyefundisha miaka mingi chuo cha umma ni hazina, hata akija siku mbili kwa wiki, alimradi anakuja kweli na jina lake halikuwekwa kwenye kipeperushi kwa ajili ya uzito tu.

Kuna jambo ambalo kwalo chuo binafsi kinaweza kukishinda chuo cha umma, na ni haki kulisema. Darasa dogo. Mwanafunzi wa uchumi aliyekaa darasa la watu arobaini, mwalimu akimjua kwa jina na kumrudishia kazi iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu ndani ya wiki mbili, anaweza kutoka ameiva kuliko mwenzake aliyesikiliza kwa mbali kwenye ukumbi wa mamia huku kipaza sauti kikikatika. Kwa hiyo uliza ukubwa wa darasa, tena la mwaka wa kwanza, maana la mwaka wa tatu huwa dogo kila mahali kwa sababu ya waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli. Na ukifika hapo uliza wangapi hudisko na wangapi hupata sapu, mtihani wa kurudia. Namba kubwa sana inatisha. Sifuri inatisha zaidi.

Kwa hilo kuna kitabu kinachosema ukweli bila kukusudia, nacho ni kitabu cha mahafali. Kila mhitimu yumo, mara nyingi kwa daraja lake. Daraja la kwanza linaanzia GPA 4.4, daraja la pili la juu linaanzia 3.5, la pili la chini 2.7, na la kupita 2.0. Kaa na kalamu uhesabu. Uchumi ni somo gumu; kozi ambayo nusu ya wahitimu wake wana daraja la kwanza mwaka baada ya mwaka inagawa madaraja, na waajiri wanalijua hilo kabla yako. GPA ya 3.6 kutoka mahali panaposahihisha kwa ukali itamfikisha mwanao mbali kuliko 4.5 ambayo kila mtu anaicheka chinichini.

Sasa kaa steshenari. Kila chuo kina kibanda cha fotokopi nje ya geti, na mwenye kibanda anakijua chuo kuliko bodi yake. Nenda na karatasi mbili za kutoa kopi, kaa kwenye benchi, sikiliza. Utasikia ratiba imebadilika tena, mwalimu fulani hajaonekana, matokeo ya semista iliyopita hayajatoka. Tazama ukutani. Kama pamebandikwa tangazo la "tunaandika risechi" lenye namba ya simu, muulize mwenye kibanda, kwa upole, kama hiyo kazi ina wateja. Risechi ya mwaka wa tatu ndiyo mahali ambapo mwanafunzi wa uchumi anatakiwa kuthibitisha kwamba anaweza kuuliza swali, kukusanya takwimu na kupata jibu. Ikiwa inanunuliwa kibandani, tena hadharani, na msimamizi anaisaini, basi miaka mitatu ya ada imenunua saini. Nimekaa kwenye mabenchi hayo na kusikia kijana akiulizia ile risechi iliyokwisha kuandikwa, abadilishe jina la wilaya tu. Alisema "Temeke iwe Ilala." Sikumchukia yule kijana, nilimhurumia mzazi wake.

Hesabu za fedha usizipeleke kwa wengine, zifanye mwenyewe. Ada iliyoandikwa kwenye bango si gharama ya shahada. Kuna usajili, mitihani, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, 20,000 za uthibiti ubora wa TCU kwa mwaka, 50,400 za bima ya afya kwa asiye nayo, fildi, uchapaji wa risechi, joho. Omba orodha yote kwa maandishi yenye mhuri. Tuseme ada ni 1,500,000 kwa mwaka na michango mingine inafika 300,000. Miaka mitatu ni 5,400,000 kabla hajala wala kupanda gari. Kama chuo kiko upande wa pili wa jiji na nauli ya kwenda na kurudi ni 2,400, kwa siku 150 za masomo ni 360,000 kila mwaka. Kisha ongeza kitu ambacho mwanafunzi wa uchumi hufundishwa wiki ya kwanza: kile anachokiacha. Kijana ambaye angekuwa karakanani akiingiza hata 150,000 kwa mwezi anaacha 5,400,000 nyingine kwa miaka hiyo mitatu. Sisemi abaki karakanani. Nasema shahada inayotakiwa kulipa zaidi ya milioni kumi ikaguliwe kama kitu cha zaidi ya milioni kumi.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, unasaidia, na bumu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022/23. Lakini ni deni. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kutoka asilimia 8 ya zamani. Kwenye mshahara wa 800,000 hiyo ni 120,000 kila mwezi. Nafuu ilikuja mwaka 2021 ilipofutwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni, hivyo angalau deni halivimbi lenyewe. Waulize chuo pia kinafanya nini mkopo ukichelewa na mitihani imefika. Kuna mahali mwanafunzi husimamishwa mlangoni kwa kukosa namba ya mtihani huku fedha yake iko njiani, na kuna mahali husaini fomu akaingia.

Kabla hujaamua, tembea hadi Uwanja wa Mkapa. Kutoka Keko si mbali, unaona paa lake ukiwa barabarani. Juni 2014, ukiitwa bado Uwanja wa Taifa, vijana zaidi ya 10,000 waliitwa pale kwa usaili wa Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakazidi 135,000. Wote wale walikuwa na vyeti, na wengi mno walikuwa na shahada. Kwa hiyo muuzaji akikuambia wahitimu wa uchumi wanahitajika serikalini, benki na mashirika, muulize wahitimu wa mwaka juzi, wote, wako wapi. Usikubali kuoneshwa yule mmoja aliyefika Benki Kuu. Kila chuo kina mmoja. Chuo makini hufuatilia wahitimu wake na kuweza kusema wangapi wana kazi, wangapi wamejiajiri, wangapi wamepokelewa kusoma uzamili Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hicho cha mwisho kina uzito, kwa sababu idara inayopokea huwa imeshapima vyuo wanakotoka wanafunzi, na programu ya uzamili ya uchumi haimvumilii mtu aliyekwepa hisabati. Uliza na fildi: mwanafunzi anatafutiwa nafasi, au anapewa barua tupu akazunguke Posta? Wiki nane ndani ya ofisi ya mipango ya manispaa, akiingiza takwimu za kata kwenye kompyuta, zinamfaa kuliko wiki nane za kutumwa chai kwenye kampuni yenye jina.

Jambo la saa za masomo nitalipita haraka. Mfumo wetu unaitaka shahada ya miaka mitatu iwe na krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kusoma, darasani na nje ya darasa. Ni saa 3,600. Ukiuziwa kozi ya wikiendi au ya jioni, chukua ratiba na kikokotoo, uone kama saa hizo zinaweza kutimia bila mwanafunzi kuacha kulala. Zikitimia, ni njia nzuri kwa anayefanya kazi. Zisipotimia, kuna kitu kimekatwa, na mara nyingi kilichokatwa ni mazoezi ya hisabati.

Katika ukaguzi wote huu mchukue mtoto. Yeye ndiye atakayelala juu ya chaga hizi, na maswali mengine yanamhusu mwenyewe. Muulize kwa nini uchumi. Akijibu kwamba rafiki zake wote wanaenda huko, au kwamba ndiyo kozi pekee aliyoitiwa, bado kuna awamu nyingine za udahili, kuna TIA pale Kurasini, kuna VETA Chang'ombe, kuna kurudia mtihani, na hakuna aibu kwenye lolote kati ya hayo. Akijibu kwamba anataka kujua kwa nini baba yake anafanya kazi tangu alfajiri na mtaji haukui, mpeleke, hata ikibidi kukopa, lakini mpeleke panapofundishwa.

Siku hizi mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha mahali anapokwenda. Namba hiyo ni ya mwanao. Asiitoe kwa wakala, asiisome kwa mtu kwenye simu, na asithibitishe popote kabla ya orodha ya masomo, orodha ya walimu na orodha ya malipo kuwa mkononi mwako, zote tatu, kwenye karatasi. Chuo kikisema hizo utazipata baada ya kulipa, wajibu kwamba nao fedha wataipata baada ya orodha.